Firimbi Ilipolia

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, kuna agizo ambalo jumuiya yetu haikuwahi kulisoma kwa pamoja hadi mwishoni mwa mwaka 2022. Linahusu maiti iliyokutwa shambani: mtu ameuawa, na aliyemuua hajulikani. Wazee na waamuzi hawaambiwi warudi nyumbani kwa kuwa hakuna shahidi. Wanaambiwa watoke, wapime umbali kutoka pale maiti ilipolala hadi kila mji wa jirani. Mji utakaoonekana uko karibu zaidi, wazee wake ndio watakaosimama mbele za Mungu kwa ajili ya damu hiyo.

Sisi ni jumuiya ya nyumba 23, pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Chanika. Tumeombwa tuandike juu ya imani yetu katika kipindi cha hofu. Tunaandika kwa pamoja kwa sababu tuliyoyafanya tuliyafanya kwa pamoja, na kila mmoja wetu akiisimulia habari hii peke yake hujikuta akisema zaidi ya wengine na kidogo ya kwake.

Chanika iko zaidi ya kilomita 25 kutoka katikati ya jiji, ukipita Gongo la Mboto na Pugu. Ni kama mji mdogo unaojitegemea: una soko lake, stendi yake, mafundi wake na makanisa na misikiti yake. Wengi wetu tulihamia huku tukifuata viwanja vya bei nafuu. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ikahesabu milioni 4.4, na ya 2022 ikahesabu milioni 5.4. Wengi wa walioongezeka hawakwenda kukaa Upanga wala Kariakoo. Walikuja pembezoni kama huku kwetu, palipokuwa mikorosho na mashamba ya mihogo. Tulijenga kidogo kidogo, chumba kimoja kwanza, choo, kisha sebule. Ukuta ulikuja mwisho. Jumuiya tuliianza chini ya mwembe, na leo tuna banda letu la mabati la kusalia.

Maisha ya huku yana gharama isiyoandikwa kwenye hati ya kiwanja. Anayefanya kazi mjini huamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, na akirudi ni saa mbili au saa tatu usiku. Wengine wetu kwa miaka mingi tumewaona watoto wetu wakiwa wamelala tu. Katikati ya saa hizo watoto walikuwa wa nani? Swali hilo hatukujiuliza mpaka tulipoanza kuwaogopa.

Jina la Panya Road tulilijua zamani. Jioni ya tarehe 2 Januari 2015, sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilikimbia na kufunga milango. Maduka yalifungwa, watu walishuka kwenye daladala na kukimbilia nyumba za wasiowajua, kisa uvumi kwamba Panya Road wanakuja. Ilielezwa baadaye kwamba kundi lile la vijana lilikuwa limetoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi wenye hasira kali. Sisi tulibaki na kumbukumbu ya hofu. Ile habari ya aliyezikwa ilitupita, wala hatukuuliza aliuawaje.

Septemba 2022 hofu ilirudi, na safari hii ilirudi karibu. Vijana waliingia nyumba za watu usiku kwa mapanga na nondo huko Zingiziwa, upande wetu huu wa jiji. Siku zile zile wakaingia Kawe, upande wa pili, ambako binti mmoja aliuawa. Walikuwa wanataka simu, televisheni na fedha, lakini walikata watu hata baada ya kupewa. Wengi wao walikuwa na umri wa kukaa darasani. Polisi walifanya msako, watuhumiwa kadhaa wakauawa katika makabiliano, wengine wengi wakakamatwa.

Kwetu walifika pia. Mama mmoja wa jumuiya, anayeuza maandazi asubuhi, alikatwa mkono alipojaribu kufunga mlango. Alishonwa nyuzi nyingi, na mpaka leo vidole viwili havikunji vizuri. Tulikwenda kumwombea hospitalini, na tuliporudi tulikuta tumebadilika. Sala za jumuiya tulizokuwa tukizifanya saa moja jioni tukazihamishia Jumamosi saa kumi alasiri. Wakwe waliotaka kutembelea tuliwaambia wasije. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alikiri kwamba akiona wavulana wanne wamekaa pamoja kwenye gogo, anavuka barabara, hata kama wawili kati yao aliwafundisha yeye mwenyewe.

Tukajipanga. Kila nyumba ilichangia shilingi 5,000 kwa mwezi kwa ajili ya ulinzi shirikishi, na wanaume wakapangiwa zamu. Tulinunua tochi na firimbi. Makubaliano yalikuwa rahisi: ukisikia firimbi, unatoka. Usiulize ni kwa nani, wewe toka. Tuliombea firimbi zile. Tunalisema hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: tuliziweka mezani, karibu na Biblia, tukaomba Bwana azitumie kutulinda.

Usiku mmoja wa mwezi Oktoba, kama saa nane, firimbi ililia.

Tulitoka wote. Wanaume walitoka na fimbo, wanawake na michi, vijana na mawe. Tulipofika karibu na kona ya dukani tulikuta ameshakamatwa. Alikuwa mmoja, wenzake walikuwa wamekimbia. Alikuwa na panga, na alikuwa ameruka ukuta wa nyumba ya mtu. Hatuandiki haya ili msomaji adhani tulimwonea mtu asiye na kosa. Kosa alikuwa nalo. Lakini panga lilikuwa limeshaondolewa mikononi mwake, na yeye alikuwa chini, mikono imefungwa kwa mkanda wa mtu.

Yaliyofuata yalichukua muda mfupi kuliko sala ya kufungia ibada. Kila mmoja wetu ana namna yake ya kuyakumbuka. Wapo waliopiga. Wapo waliosema apigwe kidogo tu. Wapo waliokaa kimya, na hao ndio wengi. Mzee mmoja wa kanisa hakunyanyua fimbo. Yeye alishika tochi. Alimulika tangu mwanzo mpaka mwisho. Baadaye alituambia kwamba usiku ule alikumbuka habari ya Stefano, jinsi wale waliompiga mawe walivyoweka mavazi yao miguuni pa kijana aitwaye Sauli. Sauli hakurusha jiwe, alitunza nguo tu. Mzee alisema, "Mimi nilitunza mwanga."

Mama mmoja ndiye aliyemtambua, mwanga ulipompiga usoni. Alilitaja jina lake kwa sauti, akasema, "Huyu si mjukuu wa Bibi wa kule kwenye mkorosho?" Fimbo zilisimama. Lakini zilisimama kwa kuchelewa. Gari la polisi lilipofika alikuwa bado anapumua, na kabla ya jua kuchomoza tuliambiwa amefariki.

Hatumtaji jina kwa sababu bibi yake ametuomba tusimtaje. Alikuwa na miaka 17. Alikuja Shule ya Jumapili kwetu kwa miaka miwili. Katika daftari la mwalimu jina lake lipo, na mbele yake kuna alama za vema, kisha nafasi tupu, kisha jina halimo tena. Hakuna aliyeandika sababu.

Kesho yake mtaa ulikuwa na utulivu wa ajabu. Watu walisalimiana kwa haraka. Wapo waliosema tumepata amani sasa, wezi watajua huku hakuchezewi. Kuna maneno ambayo nchi yetu imeyazoea kwa habari kama hizi: wananchi wenye hasira kali. Tumeyasoma magazetini tangu utotoni, na ni sasa tu tumeona kazi yake. Mwizi huandikwa jina, umri na mtaa anaotoka. Wananchi wenye hasira kali hawana jina, hawana anwani wala kanisa wanalosali. Taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeeleza kwa miaka mingi kwamba watu wanaouawa hivyo nchini kwetu huhesabika kwa mamia kwa mwaka mmoja. Tulipokuwa tukizungumzia ongezeko la uhalifu mtaani, tulihesabu nyumba zilizovunjwa na watu waliokatwa. Huyu aliyekufa mbele yetu hatukumweka kwenye hesabu. Tulimweka upande wa suluhisho.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mchungaji wetu alikuwa amerudi safarini usiku na hakuwa na habari. Ulipofika wakati wa kusogea mbele, mzee yule wa tochi hakuinuka. Mkewe akamgusa, hakuinuka. Aliyekaa nyuma yake naye akabaki. Kisha mama wa maandazi, yule mwenye mkono wa nyuzi, naye akabaki kitini. Yeye usiku ule hakutoka hata mlangoni, lakini alisema baadaye kwamba alipoisikia firimbi alifurahi. Mchungaji alisimama na kikombe mkononi akitazama viti ambavyo watu wake hawakuviacha. Hakuuliza kitu pale pale. Baada ya ibada akaja bandani kwetu, akakaa kwenye benchi, akasema, "Haya wapendwa, niambieni."

Tulimwambia. Ilichukua mpaka giza likaingia, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba hakuna aliyekumbuka kuogopa giza.

Mchungaji hakutuombea msamaha haraka haraka kama tulivyotarajia. Alisema kuna mambo mawili ambayo sala haiyatendi kwa niaba ya mtu. La kwanza ni la sheria. Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachomwondolea mtu hatia kwa kuwa walikuwa wengi au kwa kuwa walikuwa na hasira. Wenye nia moja huhesabika pamoja. Baadhi yetu walikwenda kituoni naye wakaandika maelezo. Yaliyo mikononi mwa vyombo vya sheria hatuyaandiki hapa. La pili, alisema, ni lile la wazee wa Kumbukumbu la Torati. Akafungua sura ya 21, akatusomea, kisha akatuuliza kuna hatua ngapi kutoka kona ya dukani hadi bandani.

Tulikwenda kupima. Zilikuwa hatua 64. Msikiti uko mbali zaidi, kituo cha polisi kiko mbali zaidi, shule iko mbali zaidi. Mji uliokuwa karibu zaidi ulikuwa sisi.

Wazee wale wa zamani waliagizwa wanawe mikono juu ya mtamba katika bonde lenye maji, na waseme kwamba mikono yao haikumwaga damu ile wala macho yao hayakuona. Hapo ndipo tuliposhindwa kusoma zaidi. Sisi macho yetu yaliona. Tulikuwa na tochi.

Ilibaki kwenda kwa Bibi. Hatukuwa tumekwenda msibani. Katika maisha yetu yote ya mtaani hatujawahi kukosa msiba. Hata mtu tusiyeelewana naye tunapeleka unga, kuni na mkeka. Kwa kijana huyu hatukupeleka chochote. Majirani zetu Waislamu ndio walioshika majembe na kuchimba kaburi, na mama mmoja mpika chapati ndiye aliyelala na Bibi siku tatu. Sisi tulipita njia nyingine.

Tulikwenda watu tisa, zaidi ya mwezi mmoja baada ya mazishi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mkorosho akichambua mchicha. Tulimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Aliitikia, "Marahaba, wanangu," akatuita tukae. Hakukuwa na viti vya kututosha, tukakaa chini. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa ameandaa maneno, lakini alipofungua kinywa alilia. Bibi akamwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akasema maneno ambayo tumeyabeba tangu siku ile.

"Mjukuu wangu alikuwa mwizi, mimi najua. Nilimfukuza mara mbili, mara mbili nikamfuata. Alipoacha shule nilikuja kanisani kwenu, nikamwambia kiongozi mmoja. Akasema mtaniombea. Nilikuja tena alipoanza kulala nje. Akasema mtaniombea. Usiku ule nilisikia firimbi, nikasikia miguu yenu, mlikuwa wengi sana. Nikajiuliza, kumbe hawa watu wote walikuwepo?"

Hakuongeza neno. Alirudi kwenye mchicha wake. Baada ya muda alimwomba mmoja wa akina mama amsaidie, na tukachambua naye mpaka ukaisha. Tuliomba radhi, hakutujibu kwamba ametusamehe, wala hatukumlazimisha. Alituambia tu turudi tukipata nafasi.

Tumerudi. Kila Jumamosi nyumba moja ina zamu ya kwa Bibi, na zamu hizo tumeziandika katika daftari lile lile la ulinzi. Kuna siku anatupokea vizuri, kuna siku hataki kutuona. Zote ni haki yake.

Kuhusu wavulana wa mtaa, tumefanya machache, na tunayataja bila kuyakuza. Ile shilingi 5,000 ya ulinzi tumeigawa: nusu inabaki kwa walinzi, nusu inakwenda kwa ada ya ufundi. Mpaka sasa vijana wanne wameingia kwa fundi wa kuchomelea na kwa fundi seremala wa hapa hapa Chanika. Wawili wanaendelea vizuri. Mmoja aliuza vifaa alivyonunuliwa akatoweka. Mmoja anakwenda siku anayojisikia. Baadhi ya waumini walisema tunawalipa wezi, na wapo waliohama jumuiya kwa sababu hiyo. Tunawaelewa, kwa maana nao walivunjiwa. Mwalimu wa Shule ya Jumapili ameanza kuandika jambo moja katika daftari lake. Mtoto akikosa Jumapili mbili, mbele ya nafasi tupu linaandikwa jina la mtu mzima aliyekwenda kwao kuuliza. Ni kazi inayochosha. Ukirudi kutoka Posta saa tatu usiku, hujisikii kwenda kugonga mlango wa mtu. Ndiyo maana tunaiandika, ili isisubiri kujisikia.

Firimbi bado tunazo. Hatukuzitupa, kwa sababu hatari haijaisha, na mama wa maandazi bado anaweka kabati nyuma ya mlango kabla ya kulala. Imani haijatuondolea hofu, na hatutaki kumdanganya msomaji. Tulichobadilisha ni makubaliano. Sasa firimbi ikilia, watu wawili wana kazi ya kupiga simu polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, na watu sita wana kazi ya kusimama katikati ya aliyekamatwa na wengine wote. Majina yao yamebandikwa ukutani. Anayetoka na jiwe anarudishwa nyumbani na jirani yake.

Machi 2024 ililia tena, saa tisa usiku. Kijana alikamatwa na mtungi wa gesi. Tulipofika watu walikuwa wameshaanza, na tairi lilikuwa limeshaletwa, hatukujua na nani. Wale sita walipita katikati wakasimama. Mmoja wao alikuwa mzee wa tochi. Wa pili alikuwa mama wa maandazi, na mkono wake ule alimshika kijana begani. Tulitukanwa. Tuliitwa washirika wa wezi, na jiwe moja lilimpata mwenyekiti mguuni. Mama alikuwa akirudia neno moja tu kwa wale waliokuwa wakipiga kelele: "Mnanijua mimi. Nilikatwa mimi." Polisi walifika baada ya saa moja na dakika arobaini. Kijana alipelekwa akiwa hai, akashtakiwa, akafungwa. Mwenye mtungi alirudishiwa mtungi wake.

Asubuhi yake tulipita kwa Bibi kumweleza, kabla hajasikia kwa watu wengine. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo naye ana nani?" Hatukujua. Tukaondoka kwenda kuuliza, tukakuta ana mama anayeuza samaki sokoni, na wadogo watatu.

Wapendwa mnaosoma haya katika sharika nyingine, huenda kwenu kuko shwari, na huenda habari hii mnaiona ni ya watu wa mbali, watu wenye hasira kali. Hata sisi tulikuwa tukiisoma hivyo. Tunawaomba jambo moja. Anzieni kwenye ile kona mnayoiogopa, pale wanapokaa wale wavulana, mpime hatua hadi mlango wa kanisa lenu. Mkishajua ni ngapi, mzitembee mapema, mchana, kabla firimbi haijalia.

Ee Bwana, uliyemuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi, usiache kutuuliza na sisi. Amina.